Gari Lenye Jina la Fabian

Kila asubuhi Leonida alitoka nyumbani akiwa na dumu la maji, fagio na ulimi wake. Dumu lilikuwa la kumwagilia miche ya shule, fagio la kufagilia uwanja, na ulimi wa kuchokozea watu njiani. Dumu aliwahi kulisahau. Fagio pia. Ulimi hakuusahau hata siku moja.

Kijiji chao cha Endagwe kimekaa kando ya barabara ya lami itokayo Karatu mjini kwenda geti la Ngorongoro. Asubuhi ukungu huteremka kutoka msituni na kulala juu ya mashamba ya mahindi na maharage ya ngwara. Magari ya watalii hupita yamewasha taa, yamejaa wazungu waliojikunyata kwenye mablanketi kama wagonjwa wanaokimbizwa hospitali, kumbe wanakwenda kutazama nyati. Watoto wa Endagwe wameyazoea magari hayo, hawayageukii tena. Mtu mmoja tu pale kijijini alikuwa bado anayageukia, na huyo alikuwa Fabian.

Fabian alikuwa jirani yao Leonida. Alikuwa kijana mkubwa mwenye mabega mapana, ndevu zimeanza kuchungulia kidevuni, ila uelewa wake ulikuwa wa polepole tangu alipozaliwa. Kuhesabu kulimshinda. Herufi zilimshinda. Shule ilimvumilia kwa muda mfupi, kisha mama yake akaambiwa amrudishe nyumbani. Lakini majina ya watu aliyajua yote, na salamu hakumnyima mtu. Kila asubuhi aliketi juu ya jiwe mbele ya nyumba yao, akiyasubiri magari na wanafunzi.

"Leonida! Shule?" aliita.

"Ulifikiri naenda harusini na fagio?" Leonida akamjibu.

Eva, rafiki yake wa darasa la sita, akacheka. Wakati huohuo gari la watalii likapita, mlangoni lina maandishi makubwa. Fabian akaruka kutoka kwenye jiwe.

"Leonida! Limeandikwa nini?"

Leonida akakunja uso kama msomi. "Limeandikwa... 'Fabian ana masikio ya punda.'"

Wenzake wakacheka mpaka mafagio yakawadondoka. Fabian akashika masikio yake, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ya chini, "Limeandikwa Fabian?"

"Fabian kabisa. Kwa herufi kubwa."

"Gari lina jina langu!"

Masikio ya punda aliyasahau hapohapo. Jina hakulisahau. Alimwambia mpita njia mwenye baiskeli, akamwambia mama yake, kisha akaenda zizini akamwambia na ndama.

Mama yake, Rahel, akatokea uani, jembe begani. "We mtoto wa Marseli! Huo mdomo baba yako amekuazima au amekurithisha moja kwa moja?"

"Shikamoo, Mama Fabian," Leonida akasema kwa sauti tamu, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia.

"Shikamoo yako kampe baba yako. Na umwambie arudishe katani yangu!"

Kati ya Rahel na Marseli, baba yake Leonida, kulikuwa na ugomvi wa mpaka ambao kijiji kizima kiliujua. Marseli alipanda upya mstari wa katani unaotenganisha mashamba yao, na katani ilipokua ikaonekana imesogea upande wa Rahel. Marseli aliwaambia wazee kwamba udongo wa Endagwe ni mlaini, katani hutembea. Wazee wakatazamana, wakanywa chai, wakaahirisha kikao. Tangu hapo majirani hao waliacha kusalimiana, wakabaki kukoholeana.

Sasa, kule Karatu mjini kulikuwa na kikundi kiitwacho Sisi Pia. Kilianzishwa na wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili, waliochoka kuwaficha na kujificha. Kila Alhamisi walikutana katika ukumbi walioazimwa na parokia. Watoto na vijana walijifunza kufunga vifungo, kufagia, kupanda mboga na kukamua mbuzi. Wazazi walikunywa uji, wakalia kidogo, wakacheka sana, wakarudi nyumbani wakiwa na nguvu. Nyuma ya ukumbi kikundi kilifuga mbuzi wa maziwa. Kila walipopatikana mbuzi wa kutosha, familia moja ilipewa, nayo iliahidi kurudisha mtoto jike wa kwanza ili apelekwe kwa familia nyingine.

Fabian alikwenda huko kila Alhamisi na mama yake. Endagwe waliwacheka. "Kikundi cha mazuzu kimeondoka," Marseli alizoea kusema barabarani, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Aliacha kucheka siku alipokutana na familia moja ikimswaga mbuzi wake kutoka ukumbini. Mbuzi alikuwa na kiwele kama boga. Marseli alisimama akakitazama kiwele kile mpaka mbuzi mwenyewe akaona haya.

Jioni hiyo alimwita mke wake, Angelina, pamoja na Leonida.

"Kuna mbuzi mwingine atatolewa Alhamisi," alisema. "Anayesubiri ni Rahel peke yake. Lakini nimeulizia utaratibu wao. Familia yenye mtoto mdogo hutangulizwa, kwa sababu mtoto mdogo ndiye anayehitaji maziwa. Fabian ameota ndevu. Tukimpeleka Leonida, mbuzi ni wetu."

Angelina aliweka mwiko chini. "Baba Leonida, Leonida ana ulemavu gani?"

"Hana. Ataigiza."

"Mtoto anaongoza darasa, wewe unakwenda kumwita mzito wa akili?"

"Hapo ndipo penyewe! Angekuwa mzito kweli, kuigiza kungemshinda."

Angelina alimtazama mumewe kwa muda mrefu, akaokota mwiko wake, akaugeukia ugali ambao angalau ulikuwa unasikia. Leonida hakukasirika. Kwa kweli alifurahi. Hakuna mtu Endagwe ambaye yeye hakuwahi kumwigiza: mwalimu mkuu, katekista, hata kuku mwenye kigugumizi. Fabian atamshinda nini?

Alhamisi ilipofika alipanda gari la abiria aina ya Noah na baba yake mpaka Karatu mjini. Mlangoni mwa ukumbi alilegeza mdomo na kuanza kuburuta mguu. Ndani akapigwa na mshangao. Hakuna mtu mwingine aliyelegeza mdomo. Hakuna aliyeburuta mguu. Msichana mmoja alikuwa anamsuka mwenzake, na kaka mmoja alikuwa anafagia huku akiwafokea wanaokanyaga takataka zake. Kiongozi wa kikundi, mwalimu mstaafu aliyeitwa Wilibrodi, aliwapokea vizuri.

"Maskini, na uso mzuri hivi," mama mmoja akasema na Marseli juu ya kichwa cha Leonida, kana kwamba masikio ya mtoto yamebaki nyumbani. "Haja anajiendea mwenyewe?"

"Mara nyingine," alijibu Marseli kwa huzuni.

Leonida alitaka kumuuma mtu, hakujua aanze na nani.

Mwalimu Wilibrodi aliweka mezani vifungo vyekundu na vyeupe. "Leonida mwanangu, vyekundu weka huku, vyeupe kule." Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote aliowahi kufanya, maana vidole vyake vilitaka kupatia na yeye ilimbidi avikoseshe. Alichanganya vyekundu na vyeupe. Akaangusha vingine. Mara kivuli kikubwa kikainama karibu yake. Alikuwa Fabian, na uso wake ulijaa wasiwasi.

"Leonida anaumwa?" aliuliza. Hakusubiri jibu. Alimshika mkono kwa upole, akauongoza. "Hiki chekundu. Huku. Polepole. Hiki cheupe. Kule. Mimi pia nilikosea. Usilie."

Leonida hakuwa analia. Lakini sasa hasira zilimpanda, akauvuta mkono wake kwa nguvu.

Baadaye wakaenda nyuma ya ukumbi. Mbuzi alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia. Fabian ndiye aliyekuwa akimkatia majani na kumkamua kila Alhamisi, na kwa kuwa hakuona kitu kizuri duniani kuliko magari na mbuzi huyo, alimpa jina la Lori. Alikwenda akasimama karibu naye, akamwekea mkono mgongoni.

"Wazazi wenzangu," alisema Mwalimu Wilibrodi, "tulikubaliana kwamba mbuzi huyu aende kwa Mama Fabian. Lakini leo tumepata familia yenye mtoto mdogo zaidi. Mnajua utaratibu wetu."

Rahel akainuka kama moto uliomwagiwa mafuta ya taa. "Mtoto mdogo yupi? Huyu? Mwalimu, huyu anaongoza darasa la sita! Ulimi wake una makali kuliko panga langu!"

Marseli akaweka mkono kifuani. "Mama Fabian, mambo ya mpaka tuyaache shambani. Usimwonee mtoto mgonjwa."

"Mgonjwa? Labda ugonjwa wa kuwa mwanao!"

Watu wakanong'ona. Mwalimu Wilibrodi akauliza, "Mama Fabian, ni kweli mna ugomvi wa shamba na Baba Leonida?"

"Ni kweli, lakini..."

"Basi tafadhali. Hapa hatuletani magomvi."

Ndipo Fabian aliposema, "Leonida anasoma."

Watu wakamgeukia.

"Anasoma nini, Fabian?" Mwalimu akauliza.

"Anasoma magari. Gari limeandikwa Fabian."

"Gari limeandikwa jina lako?"

"Ndiyo. Kwa herufi kubwa. Na masikio ya punda."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kilikuwa kile kicheko laini ambacho watu humpa mtoto mchanga, na Fabian hakuwa mtoto mchanga. "Haya baba, nimesikia," alisema Mwalimu Wilibrodi, naye hakuwa amesikia chochote. Kisha akainama mbele ya Leonida. "Mwanangu, wewe unajua kusoma?"

Fabian alimtazama Leonida, akasubiri, kama anavyosubiri kila gari linapopita. Leonida alisikia vidole vya baba yake vikimbana bega. Ilitosha aseme neno moja tu. Alitazama chini, akalegeza mdomo.

Mwalimu Wilibrodi akampa Marseli kamba ya mbuzi. Fabian alimfuata Lori mpaka getini. Mama yake ilibidi amfumbue vidole kwenye kamba, kimoja kimoja.

Lori alifika Endagwe, na siku ya kwanza akampiga Marseli teke la ugoko. Siku ya pili akaipiga teke ndoo. Marseli akasema mbuzi wa mjini hana adabu. Mbuzi yule alikuwa na akili kuliko Marseli, ila hakuna aliyemwombea Marseli msaada wa kikundi. Maziwa aliyoyatoa yalitosha kupaka rangi chai ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Marseli.

Rahel hakunyamaza. Alisimulia bombani, akasimulia kanisani, akasimulia barabarani. Endagwe wote walijua kwamba ni kweli, lakini hakuna aliyetaka kuingia kati ya wawili wale, wala aliyejitolea kupanda gari kwenda mjini kusema. Walichokifanya ni kucheka. Na kicheko hicho kikaingia shuleni.

"Fabiana!" Eva aliita asubuhi moja, mbele ya darasa zima. "Limeandikwa nini ubaoni, Fabiana? Au leo akili imebaki kwa mbuzi?"

Darasa likalipuka. Tangu siku hiyo Leonida alipoinua mkono kujibu, mtu nyuma yake alilegeza mdomo. Alipopita, wakaburuta miguu. Walimfungua vifungo vya sweta na kumwambia avifunge, "huku vyekundu, kule vyeupe." Watoto walijua vizuri kwamba si kweli. Lakini nani aliwahi kuacha utani kwa sababu si kweli? Leonida mwenyewe hakuwahi. Alipigana na mmoja, akampiga kweli, na alipopelekwa kwa mwalimu wa zamu watoto wakasema, "Msameheni, mwalimu, si akili zake." Mwalimu wa zamu akaugeukia ukuta ili asionekane akicheka.

Lakini lililomuumiza zaidi halikuwa shuleni. Lilikuwa njiani.

Jiwe la Fabian lilikuwa tupu. Rahel alitegemea kuuza maziwa ya Lori kwenye mgahawa wa kituo cha mabasi ili abaki nyumbani na mwanawe. Mbuzi alipokwenda kwingine, ilibidi aende kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa, na kule msimamizi alimkataza kuja na Fabian. Kumwacha nje hakuweza, maana Fabian angeyafuata magari hadi katikati ya lami. Kwa hiyo kila asubuhi alimfungia ndani, akaweka kufuli, akaenda zake akitembea haraka bila kugeuka.

Nyumba ilikuwa na kidirisha cha mbao upande wa barabara. Leonida alipopita, vidole vilitokea pale.

"Leonida! Gari! Limeandikwa nini?"

Leonida alikaza mwendo, akajifanya hakusikia. Ile sauti ilimfuata mpaka kona ya shule, na kutoka kona ile ndipo wenzake walipoanza kuburuta miguu.

"Baba," alisema jioni moja, "tumrudishe Lori."

Marseli alikuwa anapaka mafuta ugoko wake. "Umekuwa zuzu kweli sasa?"

Siku chache baadaye, saa za watoto kutoka shule, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba ya Marseli. Akashuka Mwalimu Wilibrodi. Ulikuwa utaratibu wa kikundi: kila mbuzi aliyetolewa alitembelewa. Marseli akakimbia kumlaki, na alipompita Leonida akamnong'oneza akiwa ameuma meno, "Mdomo! Legeza mdomo!"

Mgeni alipewa kiti chini ya mti wa parachichi. Majirani wakajikusanya nje ya ua, kila mmoja akijidai anatafuta kuku. Eva na wenzake walipanda kwenye ukingo wa mtaro ili waone vizuri.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza Mwalimu.

"Kidogo kidogo," alisema Marseli, akapumua kwa huzuni. "Juzi alijua jina lake."

Eva akaziba mdomo kwa mikono miwili. Angelina aliyekuwa analeta chai akasimama katikati ya uwanja, akaiangalia ile chai kama anayefikiria mahali pa kuimwaga.

Wakati huo lori la kabichi lilitokea upande wa msituni, likasimama kando ya barabara, bomba lake likifuka moshi. Nyuma lilikuwa na maandishi makubwa mekundu. Kutoka kwenye kidirisha cha nyumba ya jirani ikaja sauti ambayo kila mtu aliijua.

"Leonida! Lori kubwa! Limeandikwa nini?"

Mwalimu Wilibrodi akageuza kichwa. "Huyo si Fabian? Kwa nini amefungiwa?"

Wale waliotafuta kuku wakaanza kutazama miguu yao.

"Leonida! Limeandikwa nini?"

Leonida alitazama kidirisha. Alitazama vidole vile vikubwa vilivyomshika mkono na kuuongoza, chekundu huku, cheupe kule. Baba yake alikuwa anamtolea macho. Eva alikuwa anasubiri kucheka. Mdomo wa Leonida ulikuwa umelegezwa tayari. Akaufunga. Kisha akaufungua kama mdomo wake mwenyewe.

"Limeandikwa, 'Weka umbali,'" alisema kwa nguvu. "Na chini yake, 'Breki za upepo.' Basi, Fabian. Hakuna kingine."

"Fabian hakuna?"

"Hakuna."

"Lile la watalii?"

"Hakuna. Hata moja. Halijapita gari lenye jina lako. Nilikudanganya kila siku ili watu wacheke."

Hapo hakuna aliyecheka. Kwenye kidirisha ikatoka sauti iliyopasuka. "Muongo! Leonida muongo!" Na ule ubao ukafungwa kwa kishindo.

Marseli alisimama, kiti kikaanguka. "Ukiendelea kusema hutalala nyumbani kwangu!"

"Nyumba ni yangu pia," alisema Angelina, "na mwanangu atalala anapolala siku zote. Wewe kamtafutie mbuzi kamba yake."

Leonida alimgeukia Mwalimu Wilibrodi. "Mimi naongoza darasa, Mwalimu. Mama Fabian alisema kweli. Fabian pia alisema kweli. Lile la gari nilimwambia mimi, ndiyo maana hamkumwamini. Na uliponiuliza, nilinyamaza."

Mzee yule hakumfokea. Alivua kofia yake, akavuka ua, akaenda mpaka kwenye kidirisha kilichofungwa, akasema na ubao.

"Fabian, ni mimi Wilibrodi. Uliniambia Leonida anasoma. Nilikwambia nimesikia. Nilikuwa sijasikia. Nimekuja kukuomba radhi."

"Nenda," ikasema sauti ya ndani.

"Nitakwenda. Lakini Lori atabaki kwako."

Ubao ukafunguka kidogo, upana wa jicho.

"Lori?"

Rahel aliporudi kutoka kwenye kahawa alikuta mbuzi amefungwa mlangoni pake, Mwalimu Wilibrodi ameketi kwenye jiwe la Fabian, na nusu ya kijiji imesimama barabarani. Alisimuliwa. Alifungua kufuli, akamwacha Fabian amrukie mbuzi wake, kisha akamwendea Leonida. Watu wakarudi nyuma kidogo.

"Nisamehe, Mama Fabian," alisema Leonida.

"Siwezi leo," Rahel akajibu. "Leo mgongo unaniuma. Njoo kesho ukitoka shule, na panga. Utamkatia Lori majani mpaka nichoke."

"Mpaka nichoke?"

"Mpaka nichoke mimi. Wewe nani amekuuliza?"

Rahel aliacha kwenda kuchuma kahawa. Kufuli lile likaanza kufanya kazi ya kuzuia kuku jikoni. Kikundi cha Sisi Pia kilimwambia Marseli asikanyage tena ukumbini, na wazee wa kijiji, ambao sasa walikuwa na hamu kubwa ya kumaliza kikao kile, wakamaliza. Ajabu ni kwamba mara baada ya kikao katani ilitembea tena, safari hii kurudi ilikotoka, huku Marseli akiibeba mche kwa mche.

Leonida alikata majani. Viganja vilimchubuka. Eva na wenzake walimpigia kelele kutoka barabarani kwa muda, kisha wakachoka, maana utani usiojibiwa hauna ladha. Aliyekuwa hajachoka ni Fabian. Leonida aliposema, "Habari, Fabian," alimgeuzia mgongo, akazungumza na mbuzi. Magari yalipita, na hakumuuliza tena yameandikwa nini.

Rahel alikuwa na toroli kuukuu la kubebea majani. Siku moja Leonida alikuja na kopo la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule, akaliinamia toroli muda mrefu, ulimi nje. Safari hii ulimi ulikuwa na kazi nzuri. Alipomaliza akalisukuma mpaka penye jiwe.

"Fabian, gari lako hili. Limeandikwa jina lako. Kweli."

Fabian aliyatazama maandishi mekundu. Akayagusa, kidole kikawa chekundu. Alimtazama Leonida kwa macho ya mtu aliyekwisha kuuziwa mbuzi akapewa kamba.

"Leonida muongo," alisema.

"Safari hii si uongo. Naapa."

Fabian akatikisa kichwa. Akatazama barabarani, akamwona Eva akipita na ndoo. "Eva! Njoo! Limeandikwa nini?"

Eva alisogea. Akamtazama Leonida mwenye rangi puani, na pengine aliona nafasi nzuri ya kusema masikio ya punda. Alifungua kinywa, akaona uso wa Fabian, akakifunga. Kisha akasoma taratibu, akionyesha kwa kidole herufi moja moja.

"F, A, B, I, A, N. Fabian."

"Kweli?"

"Kweli."

Fabian alicheka mpaka Lori akaacha kutafuna. Akashika mikono ya toroli, akalizungusha uani akinguruma kama injini, akipiga honi kwa mdomo. "Aayo!" alimwita mama yake. "Aayo, gari lina jina langu! Eva amesema!"

Leonida alisimama na brashi yake. "Nimeliandika mimi," alisema taratibu, "na bado ameniamini Eva."

Rahel, aliyekuwa anachambua ngwara mlangoni, hakuinua kichwa.

"Siku ile ukumbini mwanangu alisema kweli, akakosa mtu wa kumwamini, kwa sababu ulikuwa umemjaza uongo wako. Leo wewe umesema kweli, ikabidi atafutwe Eva. Hivyo ndivyo uongo unavyofanya kazi, binti yangu. Unautupa kwa mwenzako kwa kicheko, na yeye analipa kwanza. Kisha unarudi nyumbani kwako. Na mtu asiyejua kusoma si shimo la kutupia takataka. Anawahitaji watu wakweli kuliko tunavyowahitaji wewe na mimi, kwa sababu anapokea anachopewa."

"Ataniamini lini, Mama Fabian?"

"Utakapokuwa umemsomea kweli mara nyingi kuliko ulivyomdanganya. Na ulimdanganya sana, kwa hiyo chukua kigoda, ukae."

Leonida alichukua kigoda, akakiweka kando ya lile jiwe. Fabian alirudi na toroli lake, akakaa, akamtazama kwa pembe ya jicho. Gari la watalii likatokea kwenye kona, limejaa vumbi la kreta ya Ngorongoro.

Fabian alilitazama likikaribia. Kisha akakohoa, kama mkaguzi wa shule.

"Haya, Leonida. Limeandikwa nini?"